Kuhusu baba yako na msikiti wa alfajiri

Mwanangu,

Salaam zako zimefika. Umeniuliza kama tumkataze baba yako kwenda msikitini alfajiri peke yake, ukanitajia na hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wazee wakiwa mbele. Sawa. Lakini bibi yako hakuangukia njiani. Aliangukia uani, akitoka chooni usiku, na zile kandambili zilizoisha soli.

Unakumbuka alivyocheka. Nundu ndogo tu, hata damu hakuna. Wiki zikapita, akaanza kulalamika kichwa, kusinzia mchana, kutia chumvi kwenye chai, mguu wa kushoto anauburuta. Shangazi yako akasema, "Uzee huo, mwacheni." Neno hilo mpaka leo linanichoma. Uzee gani huo unaoingia kwa wiki mbili? Nilipiga kelele mpaka akapigwa picha ya kichwa, ikakutwa damu imejikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Daktari akanieleza kuwa ubongo wa mzee hunywea, vile vishipa vya juu yake vikabaki vimevutika, kugonga kidogo tu vinakatika. Na mtu anayemeza aspirini kama yeye huvuja zaidi. Wakatoboa fuvu, wakaitoa. Alipozinduka sawasawa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba jirani hajalipa hela ya vitumbua. Nilicheka hadi nesi akanitoa nje.

Ndiyo maana nasema kila siku: mtu hazuiwi kutembea, hutengenezewa njia. Mzee ukimkalisha, miguu inalegea, na ikilegea ndipo anapoanguka. Lete fundi afunge vyuma vya kushikia chooni, na taa ya uani iwake usiku kucha. Ule mkeka wa mlangoni nimeshautupa. Baba yako na ule mtoto wa jicho alioambiwa akatolewe, mkumbushe wewe, mimi hanisikii. Halafu hivi vidonge vya presha, akiinuka ghafla kizunguzungu kinamshika. Akae kwanza kitandani, ndipo asimame. Kuviacha asiviache, hilo la daktari.

Ila naye anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu moyo ulipomsumbua. Na ule mtaro wa kwa muuza mkaa hauna mfuniko. Na giza la alfajiri unalijua. Hapo nakuelewa. Lakini mwambie aswali nyumbani uone atakavyonyamaza! Nilifikiria kijana wa jirani ampitie waongozane. Baba yako akigundua analindwa, atatoka mapema zaidi amkimbie.

Mimi nina langu moyoni, ila silitoi. Ongeeni wenyewe. Ukija Ijumaa mletee tochi, ile ya kuchaji. Na siku akigonga kichwa, hata kidogo, hata akicheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na shangazi yako asiulizwe.

Mama yako