Shule, skuli, masomo: jibu kwa mama wa Goma

Mama mmoja wa Goma ametuletea swali: “Mwanangu anajifunza Kiingereza. Mwalimu amewaambia kwamba neno shule limetokana na school ya Waingereza. Ni kweli? Sisi hapa tunasema mtoto ameenda ku masomo, lakini dada yangu anayekaa Arusha anasema hicho si Kiswahili. Tena kijana amekuta kitabuni school ikitajwa kwa samaki. Na samaki wanasoma?”

Mama, tuanze na mwalimu, maana wengi wanaamini kama yeye. Shule haikutoka kwa Waingereza. Imetoka kwa Wajerumani, ambao neno lao ni Schule, na wanalitamka karibu sawa na sisi: sh mwanzoni, e mwishoni. Angalia Kiswahili kinavyoipokea sk ya Kiingereza: sketi, skauti, skrubu. Sauti hiyo inabaki vilevile, haigeuki sh. School yenyewe ilipoingia ilikuwa skuli, na ndivyo wanavyosema Zanzibar hadi leo, visiwa vilivyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Huko bara, Tanganyika, Wajerumani walianza kufungua shule za serikali katika miaka hiyohiyo ya 1890, kwanza Tanga, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia. Neno lao likashika, likasambaa na vitabu hadi Kenya, walikotawala Waingereza. Hela ya Watanzania nayo ni hivyohivyo: inatokana na Heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika huko mwaka 1904.

Kama kijana anataka ushahidi wa karibu, avuke tu mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, awaulize watoto wanakokwenda asubuhi. Watamjibu: ishuri. Asili yake ni Schule hiyohiyo, kwa kuwa Rwanda ilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiteka mwaka 1916. Upande wetu wa mpaka Wajerumani hawakutawala. Wabelgiji walituletea école, yaani shule kwa Kifaransa, na pamoja nayo minervali, ada ya shule, ambayo wazazi wa Goma na Bukavu wanaijua vizuri kwa sababu ndiyo inayowarudisha watoto nyumbani isipolipwa. Minervali ni neno la Kilatini. Kwa Warumi lilikuwa zawadi au malipo ambayo mwanafunzi alimpelekea mwalimu wake, na limetokana na jina la Minerva, mungu wao wa kike wa hekima. Liko hai Ubelgiji, liko hai kwetu.

Sasa school yenyewe. Waingereza waliipata kutoka Kilatini, schola, na Warumi waliipata kwa Wagiriki, skholē. Na maana yake ya kwanza kwa Wagiriki ilikuwa mapumziko: ile nafasi aliyo nayo mtu asiyebanwa na kazi. Wenye nafasi hiyo waliitumia kukaa na kujadiliana mambo ya elimu, basi neno likahama kutoka mapumziko kwenda kwenye majadiliano, kisha kwenye mahali yanapofanyikia. École ni tumbo moja na school na Schule. Zamani Wafaransa waliandika escole, s ikaanguka njiani, kama ilivyoanguka katika étude, ambayo ilikuwa estude.

Nimeeleza safari hiyo kwa sababu inahusu masomo yetu, na hapa sikubaliani kabisa na dada yako. Kusoma ni neno la Kibantu; majirani zetu wa Rwanda wanasema gusoma. Kutoka hapo tuna somo na masomo, yaani yale mtu anayofundishwa. Watu wa Kivu na Lubumbashi wamelichukua neno la mafundisho wakaiita kwa neno hilo nyumba yanamofanyikia. Ndiyo maana mtu wa Goma anaweza kusema “tulisoma masomo moja”, naye hasemi habari ya hesabu au historia, anasema kwamba walikaa kwenye madawati ya jengo moja. Wagiriki na Warumi walifanya hivyohivyo kwa skholē. Na Waswahili wa pwani, ambao dada yako anawachukua kuwa kipimo, walifanya hivyo kwa chuo. Zamani chuo kilikuwa kitabu: utenzi mkubwa wa mwaka 1728 unaoitwa Utenzi wa Tambuka unajulikana pia kama Chuo cha Herkal, na hapo chuo ni kitabu tu. Baadaye chuo kikawa mahali pa kusomea Kurani, na leo tuna chuo kikuu. Kama kitabu kinaweza kuwa jengo kule pwani, sioni kwa nini masomo yazuiliwe huku kwetu.

Hata hivyo dada yako hakosi kuchanganyikiwa. Arusha ukisema fulani “yuko masomoni”, wataelewa kwamba ameacha kazi kwa muda akaenda kujiendeleza, pengine ng’ambo. Ukimwandikia kwamba “masomo ya mtoto imefungwa”, atadhani mtoto ameachishwa kusoma, kumbe umetaka kusema milango imefungwa kwa likizo. Kwa hiyo barua ikienda mbali, andika shule. Nyumbani, sokoni na kanisani sema masomo bila wasiwasi, na mtoto ajue yote mawili.

Na samaki? Waingereza husema school kwa kundi la samaki wanaoogelea pamoja, kama sambaza wa Ziwa Kivu. Ni maneno mawili yaliyokutana katika sura moja. Hilo la samaki lilitoka kwa Waholanzi, kwao lilikuwa na maana ya kundi, na halina undugu na skholē ya Wagiriki. Kijana aliandike kundi la samaki, atakuwa amepata.