Usisaini kimyakimya mdogo wangu

Mdogo wangu ulouliza kama umdhamini shemegi yako mkopo wa boti ya kuvulia jodari, na kakwambia mkeo asijue wala wazee, mi naona hiyo siri ndo mbaya kuliko huo mkopo wenyewe. Muangalie Manuel Chang, waziri wa fedha wa Msumbiji hapo kwa jirani, 2005 mpaka 2015, kasaini dhamana za serikali kwa mikopo ya kama dola bilioni 2 na bunge halina habari, na nyengine zilikuwa za boti za jodari hizo hizo, wallahi nilicheka. 2016 siri ikatoka, wafadhili wakazuia pesa zao, metikali, pesa ya Msumbiji, ikaporomoka, mwisho wa 2018 akakamatwa uwanja wa ndege Johannesburg, akasota ndani hadi 2023 ndo akapelekwa Marekani, kule akapigwa miezi 102 jela. Alikana, lakini saini yake ipo.

Sasa na wewe rehani ni shamba la mikarafuu! Mwambie shemegi aje mkae barazani na mkeo na wazee, karatasi isomwe mpaka yale maandishi madogo ya chini, boti ikizama nani analipa. Akinuna mwache anune.