Usimchague farasi kwa jina lake

Ndugu yangu, umeuliza utamjuaje farasi wa kushinda Jumapili pale Ngong, Nairobi, ukiwa na orodha ya mbio tu mkononi. Anza na umbali. Aliyeshinda mita 1,200 huenda akaishiwa pumzi kwenye 2,400, umbali wa Kenya Derby, mbio kubwa za farasi nchini. Kisha uzito: katika mbio za hendikapu farasi hodari hubebeshwa kilo zaidi ili wenzake wamkaribie, kwa hiyo ushindi wake wa juzi usikupumbaze.

Halafu nenda ukawaone farasi wakitembezwa kwa kuzungushwa kabla ya kutoka kwenda mbioni. Mimi huamulia hapo. Anayetokwa povu la jasho shingoni na kurusharusha kichwa anamaliza nguvu bure. Anayetembea kwa hatua ndefu, tulivu, manyoya yanang'aa, huyo mwekee alama.