Maji kwenye dizeli ya trekta: anza na pipa, umande utafuata

Ukiuliza Ifakara maji yameingiaje kwenye tanki la trekta, utajibiwa "umande", yaani unyevu wa hewa ya ndani ya tanki uliogeuka maji usiku, kabla hujamaliza swali. Dereva atasema umande, fundi atasema umande, na muuza mafuta atalisema kwa sauti kuliko wote, maana ikiwa ni umande yeye hana kesi. Mimi nalimisha matrekta ya kukodisha Bonde la Kilombero, na msimamo wangu ni kwamba umande upo lakini unasingiziwa. Maji mengi yanaingia kwa mikono yetu: kwenye pipa, kwenye dumu na kwenye mpira wa kuvutia mafuta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Tanki la lita 100, hata likiwa tupu kabisa, lina sehemu ya kumi tu ya mita hiyo, kwa hiyo maji yote yaliyomo kwenye hewa yake ni gramu 3. Usiku ukishuka hadi nyuzi 20, kinachodondoka ukutani ni kama gramu moja na kidogo. Kesho yake tanki linavuta lita chache za hewa mpya, linaongeza matone mengine. Kwa msimu mzima wa kukaa bila kazi ni vijiko. Vijiko hivyo vinatosha kuleta kutu na uchafu, sikatai, lakini anayekuta nusu lita ya maji chini ya tanki lake asitafute umande. Atafute pipa.

Sasa angalia pipa la lita 200 lililosimamishwa nje ya banda, nusu limejaa. Saa nane mchana bati lake limepata moto mpaka huwezi kuweka kiganja. Mvua ya ghafla inashuka, kama zinavyofanya mvua za kwetu kuanzia Machi. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Maji yanatuama juu ya pipa, kwa sababu ukingo wake umeinuka kuzunguka. Sentimita moja tu ya maji pale juu ni karibu lita 2 na nusu. Na hewa iliyomo ndani inapoa, inajikunja. Lita 100 za hewa zikishuka kutoka nyuzi 40 hadi 20 zinapungua kwa zaidi ya lita 6, na pengo hilo lazima lizibwe na kitu. Kizibo kikubwa, kile cha inchi mbili, kimezama chini ya maji. Mpira wake umekauka na kupasuka, au ulishapotea na mahali pake kuna kipande cha mfuko wa rambo. Pipa linavuta, na linachovuta si hewa tena. Ukisimama karibu mvua ikipungua utaona maji ya kuzunguka kizibo yakipungua, na baada ya muda pale juu pamekauka na hakuna aliyepafuta.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza haugusi trekta kabisa. Laza pipa. Liweke juu ya magogo mawili au matofali, chini ya paa, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, ili dizeli iliyomo ivifunike kwa ndani. Kizibo kilicholoweshwa na dizeli mpira wake haukauki, na hewa haipati njia. Kama ni lazima lisimame kwa sababu unatumia pampu ya mkono, weka kipande cha ubao chini ya upande mmoja liiname, vizibo vyote viwili vikae usawa mmoja kushoto na kulia kwa mwinamo, maji yakimbilie chini mbali navyo. Mpira wa kizibo ni wa bei ndogo kuliko soda. Nunua kadhaa uviweke kwenye boksi la spana.

Bomba la pampu ya mkono lisiguse kitako cha pipa. Likate libaki kama upana wa kiganja kutoka chini, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli na yanakaa pale pale ambapo watu wanapenda kukwangua. Lita hizo za mwisho usizionee uchungu. Na pipa likishashushwa kwenye gari, liache litulie hadi kesho yake. Kijana anayelibiringisha pipa kutoka barabarani na kuanza kupampu hapo hapo anakuwa amekoroga kila kitu kilichokuwa kimelala chini.

Dumu nalo lina mambo yake. Dumu la lita 20 linalooshwa kwa maji "liwe safi" kisha kupinduliwa dakika tano linabaki na maji kwenye mkono wake, ule mshikio wenye tundu ndani, na hayo yanatoka ukishaanza kumimina. Dumu la dizeli lisuuze kwa dizeli, na lisibebe kitu kingine. Kuhusu kuchuja kwa kitambaa cha kanga kwenye faneli: kinazuia mchanga na majani, lakini maji yanapita. Nimeshabishana na madereva juu ya hili hadi tukafanya jaribio mbele yao, dizeli na maji kidogo kwenye bilauri, tukachuja, maji yakashuka chini kama kawaida. Kanga iendelee kutumika kwa mchanga, ila isimpe mtu amani.

Kwenye kununua, kanuni yangu ni fupi. Nikikuta gari la mafuta linashusha kituoni, naondoka na kurudi baadaye, kwa sababu mafuta yanayoingia kwa kishindo yanavuruga kilicholala chini ya tanki la ardhini. Baada ya mvua kubwa zilizofurika, kama zile za Aprili 2024 zilizopiga mabonde ya Kilombero na Rufiji, kuwa mwangalifu zaidi na kituo ambacho mifuniko ya matanki yake ipo bondeni. Muulize mhudumu akupimie maji. Vituo vina fimbo ya kupimia na dawa inayopakwa kwenye ncha yake, ikigusa maji inabadilika rangi. Anayefanya kazi yake sawasawa hatakasirika. Watu wengi wanaogopa mafuta ya kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa, na walikuwa na sababu; hiyo ndiyo iliyofanya serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Lakini maji hayahitaji mtu mwenye nia mbaya, yanahitaji kifuniko kilicholegea tu.

Tukija kwenye trekta lenyewe, shida ya huku kwetu ni ratiba. Tunalima kwa nguvu kuanzia Novemba mpaka mvua zinapokolea, kisha mashamba ya mpunga yanajaa maji na trekta haliingii tena. Linaegeshwa Machi, Aprili na Mei, miezi yenye mvua kuliko yote, na mara nyingi linaegeshwa na robo tanki kwa sababu bosi anasema dizeli ya nini wakati halifanyi kazi. Hapo ndipo umande unapopata nafasi yake. Trekta linalokaa lijazwe, ila si mpaka mdomoni. Acha nafasi ndogo dizeli ipate kutanuka jua likiwaka. Angalia mfuniko wa tanki. Matrekta mengi ya zamani yana mfuniko uliookotwa kwenye mashine nyingine, au kopo la maziwa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kama huna banda, funika angalau mdomo wa tanki kwa turubai. Kwenye msimu wa kazi, jaza jioni baada ya kutoka shambani. Dizeli inayoingia inaisukuma nje hewa yenye unyevu kabla ya baridi ya usiku.

Asubuhi, kabla ya kuwasha na kabla trekta halijatikiswa hata kidogo, shuka kwenye filta. Massey Ferguson nyingi zinazozunguka huku, zile zenye injini ya Perkins, zina glasi au bakuli chini ya filta lenye bolti ya kumwagia. Legeza, kinga kwa chupa angavu ya plastiki, pata kama robo ya chupa ndogo, funga. Iache chupa juu ya bonet wakati unaangalia oili na maji ya rejeta, kisha irudie. Dizeli nzuri inang'aa, unaweza kusoma maandishi ya gazeti ukiwa umeiweka mbele yake. Ikiwa na ukungu, ina maji yaliyotawanyika ambayo hayajashuka. Maji yakishashuka utayaona kwa mstari: inamisha chupa, chini kuna tabaka lisilo na rangi, au vipira vidogo vinavyobiringika kwenye pembe bila kuchanganyika. Ukikuta hayo, endelea kumwaga mpaka itoke safi, halafu fungua na kizibo cha chini ya tanki lenyewe. Dereva wangu mmoja alikuwa akiniambia, "Bosi, hiyo ni kupoteza mafuta." Siku hizi yeye ndiye anayewafokea wenzake.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini, haina oili yake kwenye injini nyingi hizi za pampu ya mzunguko; inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Maji hayalainishi. Vyuma vilivyokaribiana kuliko unene wa unywele vinasagana, trekta likilala wiki moja kutu inaanza, na ukiwasha tena pampu imeshika. Nozeli nazo zinaumia, kwa kuwa maji yakikutana na joto la ncha yake yanageuka mvuke ghafla na kula chuma. Dalili za mwanzo ni injini kumisi, moshi mweupe, na kukosa nguvu mlimani au plau likizama. Matrekta mapya yenye mfumo wa presha kubwa hayavumilii hata kidogo. Yule aliyezoea Massey ya zamani akinunua jipya na kubaki na tabia zile zile, atalipia tofauti hiyo.

Kuna na ule utelezi. Pale dizeli inapokutana na maji, kuvu na bakteria wanaota, hasa kwenye joto kama letu. Ukifungua filta ukakuta uchafu mweusi unaovutika kama kamasi na harufu ya kuoza, si lami wala oili. Kubadilisha filta peke yake hakusaidii, litaziba tena. Tanki lishushwe, lioshwe, likaushwe kabisa, kisha itumike dawa ya kuua vijidudu vya dizeli kwa kipimo kilichoandikwa. Bila maji viumbe hao hawaishi, kwa hiyo tunarudi kwenye pipa.

Wapo wanaoshauri kumwaga spiriti kwenye tanki ili "inywe maji". Sikubaliani nao. Spiriti inayachukua maji na kuyapitisha kwenye filta, yanaenda moja kwa moja kwenye pampu uliyokuwa ukiilinda, na yenyewe inapunguza ulaini wa dizeli. Kama maji yapo, yatoe kwa bolti. Trekta likishazima lenyewe kwa sababu ya maji, usiling'ang'anize kwa stata. Mwaga tanki na bakuli, weka filta jipya, toa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta kwa ile pampu ndogo ya mkono ya kwenye injini, ukianza filta na kumalizia kwenye injekta pampu, ndipo uwashe. Likikataa hapo, muite fundi wa pampu, si wa kulegeza kila nati anayoiona.

Ile dizeli uliyomwaga usiitupe kwenye mfereji wa mpunga, majirani wanatumia maji hayo. Ikusanye kwenye dumu moja, iache itulie siku mbili, chota ya juu uitumie kuoshea vyuma na kupaka majembe ya plau yasishike kutu. Isirudi kwenye tanki. Dumu hilo lipake rangi nyekundu na ulifungie stoo, kwa sababu kijana mgeni akiliona atadhani ni mafuta mazuri yamesahaulika, na atakufanyia hisani ya kuyamimina.