Kidole Gumba: Je, Eksirei Haitoshi Kabla ya Upasuaji?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, mwenye umri wa miaka 58. Huu ni mwaka wa pili shina la kidole gumba cha mkono wa kulia linaniuma, hata kushika mkasi au kumenya ndizi za mtori kumekuwa adhabu. Sindano ya kwenye kiungo ilinituliza kwa muda tu. Eksirei imeonyesha kuwa kiungo kimelika, nami nimekubali upasuaji. Lakini daktari anataka kwanza nipigwe picha ya CT, ambayo ni ghali. Je, eksirei haitoshi?

JIBU: Marahaba mama, na pole. Eksirei inatosha kuthibitisha ugonjwa, ila huenda isitoshe kuchagua aina ya upasuaji. Kidole gumba kimekalia mfupa mdogo wa kifundo cha mkono uitwao trapeziamu, nao umekalia mwingine uitwao skafoidi. Kifundo kina mifupa minane, na eksirei huilaza yote katika bapa moja, huu ukiuficha ule. CT huipiga katika vipande vyembamba kama mkate uliokatwa, hivyo daktari huona iwapo kiungo cha chini, baina ya trapeziamu na skafoidi, nacho kimelika, na mfupa uliobaki ni kiasi gani.

Akikusudia kuunganisha mifupa ya kiungo kinachouma iwe mmoja, nguvu ya kubana hubaki, lakini maumivu yataendelea ikiwa cha chini nacho ni kibovu. Akikusudia kuweka kiungo bandia, lazima trapeziamu iwe na mfupa wa kukishika. Kama ataitoa trapeziamu yote, upasuaji uliozoeleka zaidi, eksirei nzuri mara nyingi hutosha, na mimi nisingekuwa na haraka ya kulipia CT. Muulize bila woga majibu ya picha hiyo yatabadilisha nini katika upasuaji wako.

Usitishwe na picha yenyewe, kwani wapo ambao viungo vyao vimelika vibaya na hawaumwi. Kinachoamua upasuaji ni maumivu yako. Baada ya kutolewa trapeziamu, mkono hufungwa kwa wiki 4 hadi 6, na nguvu hurudi taratibu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo, kama unashona sare za shule, usikubali kupangiwa Novemba.