Dawa ya moyo ya mbwa, nampa baba?

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wetu ana vali ya moyo inayovuja. Daktari wa mifugo alimwandikia pimobendani na sasa anakimbia tena. Baba yangu naye moyo wake umeshindwa kufanya kazi ipasavyo, anakunywa vidonge vya hospitali lakini bado anachoka. Nimesoma kwamba Japani watu hutumia dawa hiyo hiyo. Naweza kumjaribishia nusu kidonge?

JIBU: Marahaba. Usimpe hata robo. Kama umeshampa, acha leo na umweleze daktari wake ukweli wote.

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara limejengwa juu ya dhana kwamba moyo ni moyo. Mbwa, hasa wa umbo dogo wanapozeeka, huchakaa vali ya upande wa kushoto. Kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, chanzo kikuu cha mshtuko wa moyo kwa binadamu, ni nadra kwao. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba mbwa wenye vali inayovuja na moyo uliokwisha kutanuka, wakipewa pimobendani kabla ya dalili, walikaa takriban miezi 15 zaidi bila moyo kushindwa. Ni kazi nzuri sana, na mbwa wenu ananufaika nayo.

Kwa watu mambo yalikwenda vingine. Jaribio la Ulaya lililochapishwa 1996 liliona wagonjwa wakiimudu baiskeli ya mazoezi kwa muda mrefu zaidi kidogo, huku vifo vikielekea kuwa vingi upande wa waliopewa dawa. Miaka mitano kabla, milrinoni ya vidonge, dawa inayoufanya moyo usukume damu kwa nguvu zaidi kwa njia ya karibu na hiyo, ilikuwa imeongeza vifo kwa asilimia 28. Japani wanaitumia pimobendani kweli, lakini anayeiandika ni daktari anayemfuatilia mgonjwa.

Kinachoniumiza ni watu kupima dawa kwa nguvu wanazojisikia. Betabloka, dawa inayopunguza kasi ya mapigo ya moyo, huweza kumchosha mgonjwa wiki za mwanzo, na bado inarefusha maisha yake. Spironolaktoni, kidonge kingine cha moyo kushindwa, katika utafiti wa 1999 ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa waliozidiwa. Mgonjwa hawezi kuliona hilo asubuhi anapoamka, kwa hiyo anasema vidonge havifanyi kazi.

Hapo ndipo matapeli wanapoingilia. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba samaki mdogo wa maabara, zebrafishi, akikatwa kipande cha moyo hukiotesha upya. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba panya mchanga naye anaweza, ila uwezo huo unakwisha kabla hajatimiza wiki moja au hivi. Leo mtu anauza unga wa “kuotesha moyo” na kusema sayansi imethibitisha! Imethibitisha nini, kwa nani? Muulize ni wagonjwa wangapi walipewa unga huo, walilinganishwa na nani, na wangapi walikufa. Atakuonyesha shuhuda za wateja. Nawapokea wateja hao wakiwa wameacha vidonge vyao, mapafu yamejaa maji, hawawezi kumaliza sentensi.

Baba akivimba miguu zaidi, uzito ukipanda ghafla ndani ya siku mbili tatu, au akishindwa kulala bila kuongeza mito, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Beba dawa zake zote, pamoja na chochote alichonunua kwingine.