Kanda ya Goon Show ya 1954: ilinaswa usiku ule au ni marudio?

SWALI: Ninaishi Leicester. Nimepata kanda ya inchi 7 yenye boksi lililoandikwa kwa kalamu "Goons, Batter Pudding, 12.10.54", yaani kipindi cha The Goon Show, vichekesho vya redio ya BBC. Fundi amenigeuzia kuwa faili la dakika 31 na sekunde 10. Sauti za waigizaji zinasikika nzito na zinaburura kidogo. Ninayo pia santuri ya BBC ya 1974 yenye kipindi hicho hicho. Hiyo ni fupi kwa dakika kadhaa na haina muziki wa katikati, wakati kanda yangu ina vipande viwili vya muziki. Je, kanda hii ilinaswa redioni usiku ule wa 1954? Na kasi yake nirekebishe vipi?

JIBU: Kanda yako haikutokana na santuri ya 1974; muziki peke yake unatosha kulithibitisha hilo. Lakini tarehe ya kwenye boksi usiitegemee. Watu wengi walinasa marudio kisha wakaandika tarehe ya matangazo ya kwanza waliyoisoma mahali fulani. Ushahidi umo ndani ya sauti yenyewe, na unaweza kuutoa ukiwa nyumbani.

Kwanza, ujue kipindi hiki kimepitia njia gani. "The Dreaded Batter Pudding Hurler (of Bexhill-on-Sea)" ni cha tatu katika msimu wa tano wa The Goon Show. Kilisikika Jumanne, tarehe 12 Oktoba 1954, kwenye Home Service, mojawapo ya idhaa za redio za BBC. Mswada ni wa Spike Milligan, aliyeigiza pamoja na Harry Secombe na Peter Sellers. Mtayarishaji ni Peter Eton, na mtangazaji ni Wallace Greenslade. Hakikurushwa moja kwa moja. Kilirekodiwa kabla ya siku hiyo mbele ya watazamaji jijini London, kikahaririwa, kisha kanda ikachezwa saa ya kipindi ilipofika. Kwa hiyo hata msikilizaji wa usiku ule alikuwa akisikia kanda, na anayeinasa redioni tayari ana nakala ya nakala.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Kanda za matangazo ya ndani ya Uingereza zilikuwa ghali na zingeweza kutumika tena. Mikataba ya waigizaji na wanamuziki nayo iliweka mipaka kwenye marudio, hivyo BBC haikuona sababu ya kuzitunza zote. Misimu mitatu ya kwanza ya Goon Show, iliyoanza tarehe 28 Mei 1951, imepotea karibu yote. Vipindi vingi vya kuanzia msimu wa tano tunavyo leo kwa sababu ya idara ya Transcription ya BBC, iliyokata santuri za kukodisha kwa vituo vya ng'ambo, kwa mfano ABC ya Australia. Santuri hizo hazikuuzwa dukani. Nazo si nakala kamili ya matangazo: wahariri waliondoa mizaha iliyohusu habari za wiki ile, ambayo msikilizaji wa mbali asingeielewa, pamoja na utani waliohofia ungeudhi.

Santuri yako ya 1974, Goon Show Classics, ni tawi jingine kabisa. Ina kipindi chako upande mmoja na "The Histories of Pliny the Elder" upande wa pili. Ukilazimisha nusu saa nzima kwenye upande mmoja wa LP (santuri ya muda mrefu), mifuo hubanana, sauti hukatwa kwa nguvu ndogo, na mchakacho wa santuri hupanda juu yake. Huenda ndiyo sababu kinanda cha mdomo cha Max Geldray na wimbo wa kundi la Ray Ellington viliondolewa. Ukiona kipindi cha Goon Show chenye mapumziko yote mawili ya muziki, asili yake ni matangazo ya redio au santuri ya Transcription, si LP hiyo.

Kabla ya kuendelea, tahadhari moja kwa wenye kanda za msimu wa nne: kati ya 1957 na 1958, miswada kadhaa ya msimu huo iliigizwa upya kwa ajili ya Transcription kwa jina la Vintage Goons. "The Greatest Mountain in the World" ni mmojawapo. Kwa hiyo jina moja la kipindi linaweza kuwa na rekodi mbili tofauti zilizopishana miaka minne. Kipindi chako hakimo katika kundi hilo, kwa hiyo unatafuta rekodi moja tu.

Sasa tarehe. Fungua faili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, na ugeuze mwonekano wa wimbi uwe spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa yaliyomo katika sauti. Matangazo ya FM ya BBC yalianza kutoka mtambo wa Wrotham tarehe 2 Mei 1955. Kabla ya siku hiyo msikilizaji wa Home Service alitegemea mawimbi ya kati, na redio za nyumbani za mawimbi ya kati hazikupitisha sauti ya maana juu ya kHz 5 hivi. Rekodi halisi ya Oktoba 1954 itaonyesha maneno na muziki vikififia karibu na hapo, na juu yake mchakacho wa kanda tu. Sikiliza pia nyuma ya maneno. Usiku mawimbi ya kati husafiri mbali, na mara nyingi vituo vya bara la Ulaya hupenya taratibu, huku sauti ya London ikipanda na kushuka. Mambo hayo yanayowakera wasikilizaji, kwako ni ushahidi mzuri. Yasipokuwepo usikate tamaa, kwani aliyekaa karibu na mtambo alipata sauti safi.

Ukikuta sauti imejaa mpaka kHz 10 au zaidi, kanda si ya usiku ule. Ni marudio ya FM, au ni nakala ya santuri ya Transcription. Kutofautisha viwili hivi, tafuta mlio wa mkwaruzo unaojirudia. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, kwa hiyo mkwaruzo mmoja utagonga kila sekunde 1.8, hata kama sauti imeshahamishiwa kwenye kanda. Pima umbali huo baada ya kurekebisha kasi, si kabla.

Mwisho wa kanda nao una habari, hasa ikiwa aliyeinasa aliiacha iendelee kuzunguka. Jina la Radio 4 likitajwa, rekodi ni ya baada ya tarehe 30 Septemba 1967, siku ambayo Home Service ilibadilishwa jina. Milio sita ya saa ya Greenwich, ambayo BBC huitumia kutangaza saa, ikisikika, sikiliza wa mwisho. Mpaka mwisho wa 1971 milio yote ilikuwa na urefu sawa. Tangu hapo wa sita hurefushwa.

Tukija kwenye kasi, kosa la kawaida ni kunyoosha faili mpaka lifike dakika 30 kamili kwa kuwa kipindi kilipewa nusu saa. Usifanye hivyo. Urefu ni matokeo, usiufanye kipimo. Kipimo ni mvumo wa umeme. Vinasa sauti vya nyumbani vya wakati ule vilikuwa vikiingiza kwenye kanda mvumo wa gridi (mtandao wa umeme) ya Uingereza, Hz 50. Katika spektrogramu, chagua sehemu tulivu na uangalie chini ya Hz 120. Huenda ukaona mistari miwili iliyo karibu. Mmoja uko Hz 50 kamili: huo umeongezwa na mashine ya fundi wako na hauhusiani na 1954. Mwingine umehama, na huo ndio wa zamani. Tuseme uko Hz 47.2. Gawanya 47.2 kwa 50 upate 0.944, maana yake kanda inacheza polepole kwa karibu nusu toni. Sekunde 1870 za faili lako, ukizizidisha kwa 0.944, zinakuwa 1765, yaani dakika 29 na sekunde 25. Huo ni urefu unaoingia vizuri katika nafasi ya nusu saa, na uzito wa sauti unaousikia unalingana na hesabu hiyo.

Katika Audacity tumia amri ya kubadilisha kasi, inayohamisha mwendo na toni kwa pamoja, na kwa mfano huu uongeze asilimia 5.93, kwa kuwa 50 gawanya kwa 47.2 ni 1.0593. Usitumie ile ya kubadilisha mwendo bila toni. Gridi ya miaka ile haikutulia sawasawa, hasa jioni za baridi mzigo ulipokuwa mkubwa, kwa hiyo mvumo unaweza kukosea kwa asilimia moja au hata zaidi. Maliza kwa kulinganisha kipande cha Geldray na kinanda ambacho noti yake ya A imepangwa kwa Hz 440. Na kama Greenwich imo, mlio wake ni Hz 1000, kipimo bora kuliko vyote viwili.

Kama mvumo wa zamani uko karibu na Hz 42, tatizo ni jingine: mota iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa Hz 60 imezungushwa kwa Hz 50. Hapo sauti hushuka zaidi ya nusu toni tatu, na dawa yake ni kunakili upya kwa mashine inayofaa.

Kwa kweli ningependekeza unakili upya hata hivyo. Kanda ya inchi 7 ya unene wa kawaida ina futi 1200, na kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde inacheza dakika 32. Bila shaka aliyeinasa aliichagua kwa sababu nusu saa inatosha humo. Ishike mbele ya taa. Mwanga ukipenya kati ya mizunguko, ni ya asetati, plastiki ya kanda za zamani. Ikinuka siki, imeanza kuoza na ishughulikiwe mapema. Usikubali fundi aioke. Joto ni tiba ya kanda za miaka ya 1970 zenye gundi inayonata, na litaiharibu asetati. Usiizungushe kwa kasi mbele na nyuma; icheze mara moja mpaka mwisho na uihifadhi hivyo hivyo, mwisho ukiwa nje. Viungo vya zamani vikikauka vitaachia, kwa hiyo fundi awe na utepe mpya wa kuungia mezani. Kabla ya kurekodi, arekebishe pembe ya hedi (sehemu ya mashine inayosoma kanda) kwa kusikiliza herufi za "s" mpaka zikate vizuri.

Muhimu zaidi, mwambie atumie mashine ya stereo ya nusu-njia na arekodi njia zote mbili. Vinasa vya nyumbani vilitumia nusu ya upana wa kanda kwa kila upande, kwa hiyo njia ya pili itatoa upande wa pili ukicheza kinyumenyume. Geuza faili hilo ulisikilize. Kipindi chako cha Batter Pudding kipo salama kwingine, lakini hicho cha nyuma huenda hakipo popote. "The Marriage Bureau", kipindi cha vichekesho vya redio vya Hancock's Half Hour cha tarehe 8 Februari 1955 ambamo Sellers alishika nafasi ya mwigizaji Kenneth Williams, kilihesabiwa kuwa kimepotea mpaka ilipopatikana kanda kama hii, iliyonaswa redioni na msikilizaji nyumbani. Ukikuta Goon Show ya misimu minne ya kwanza, usikate wala kusafisha chochote. Weka faili la sauti la WAV la biti 24 bila kuligusa na uwasiliane na kikundi cha Radio Circle, wanaofanya kazi hii ya kutafuta vipindi vilivyopotea.

Kwa uthibitisho wa maandishi, BBC Genome inaonyesha bure ratiba za jarida la Radio Times, lakini hiyo ni mipango tu. Kilichorushwa hasa, pamoja na muda na majina ya nyimbo kwa ajili ya malipo ya wanamuziki, kimo katika kumbukumbu za "Programme as Broadcast" zilizoko BBC Written Archives, Caversham, karibu na Reading. Waandikie uulize kama wanaweza kukupa ukurasa wa Home Service wa tarehe 12 Oktoba 1954, kisha linganisha nyimbo mbili za kanda yako na zilizoandikwa humo.